Hans Meyer

Hans Heinrich Josef Meyer (Hildburghausen, 22 Machi 1858 – Leipzig, 5 Julai 1929) alikuwa mwanajiografia, mpelelezi, mchapishaji wa vitabu na mpanda milima kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa sababu tarehe 6 Oktoba 1889, akiwa pamoja na Mwaustria Ludwig Purtscheller, alifika kwenye ncha ya juu kabisa ya mlima Kilimanjaro. Hao ndio watu wa kwanza ambao kufika kwao kileleni kumeandikwa.

Sifa hiyo ya kupanda mlima imefunika kazi yake nyingine ambayo leo ina faida kubwa zaidi. Meyer alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kueleza kwa maandishi, vipimo, michoro na ramani barafu iliyofunika kilele cha Kibo. Aliporudi mwaka 1898 aliona kwamba barafu hiyo imepungua, akaandika. Kwa hiyo kumbukumbu za barafu ya Tanzania zinaanza naye, na wataalamu wanaopima barafu ya Kibo siku hizi kwa njia zilezile zinazotumika kwenye ncha za dunia bado wanarejea habari alizoziacha.

Familia na masomo

Meyer alizaliwa katika familia ya wachapishaji. Babu yake, Joseph Meyer, alianzisha mwaka 1826 kampuni ya uchapishaji iliyoitwa Bibliographisches Institut, ambayo ilijulikana kote Ujerumani kwa kamusi elezo yake kubwa. Baba yake, Herrmann Julius Meyer, aliendeleza kazi hiyo, na mwaka 1874 kampuni ikahamia mji wa Leipzig.

Hans Meyer alisoma kwenye vyuo vikuu vya Ujerumani hadi kupata shahada ya udaktari. Baada ya masomo alifanya safari ndefu ya kuzunguka dunia. Alipita Uhindi, Asia ya Mashariki na Amerika ya Kaskazini, na katika kisiwa cha Luzon huko Ufilipino alichunguza maisha ya Waigorot wa milimani. Habari za safari hiyo alizitoa katika kitabu mwaka 1885. Wakati huohuo aliingia katika uongozi wa kampuni ya familia.

Nafasi hiyo ilimpa mambo mawili ambayo wapelelezi wengi wa wakati wake hawakuwa nayo. Kwanza, alikuwa na fedha zake mwenyewe za kugharimia safari. Pili, alikuwa na kiwanda cha kuchapisha ramani na picha zake kwa ubora wa juu. Ndiyo maana vitabu vyake vina michoro mingi ambayo bado inatumika kulinganisha hali ya zamani na ya sasa.

Swali la theluji karibu na ikweta

Kilimanjaro iko takriban kilomita 340 kusini kwa ikweta. Wachagga wanaoishi kwenye miteremko yake walikuwa wakiiona theluji ya Kibo siku zote, na wafanyabiashara wa misafara kutoka pwani waliujua mlima huo mweupe. Huko Ulaya, hata hivyo, habari hiyo ilileta ubishi. Mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima tarehe 11 Mei 1848 akaandika kwamba juu yake kuna theluji. Mwanajiografia Mwingereza William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika huko, alikataa akisema Rebmann amekosea.

Jambo hilo lilianza kutulia baada ya safari za Karl Klaus von der Decken mwaka 1861 na 1862. Katika safari ya pili yeye na Otto Kersten walipanda hadi mita 4,280 hivi. Mwaka 1871 mmisionari Charles New alifika kwenye mpaka wa chini wa theluji. Kwa hiyo Meyer alipoanza safari zake hapakuwa tena na shaka kwamba theluji ipo. Kilichokuwa hakijulikani ni kama juu kuna theluji tu ya msimu au kuna barafuto, yaani mito ya barafu ngumu inayoteremka polepole kwa uzito wake yenyewe kama ile ya Alpi, Greenland na Antaktiki. Pia hapakuwa na mtu aliyejua kileleni kuna umbo gani.

Majaribio ya 1887 na 1888

Safari ya kwanza ya Meyer kwenda Kilimanjaro ilikuwa mwaka 1887. Alipanda Kibo hadi chini ya ukuta wa barafu lakini alilazimika kurudi, kwa sababu hakuwa na vifaa vya kutembea juu ya barafu na theluji nene.

Mwaka 1888 alirudi pamoja na Mwaustria Oscar Baumann, akikusudia safari ndefu zaidi. Walipita Usambara, lakini wakati huo watu wa pwani waliinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyotaka kutawala bandari zao. Kiongozi wao mkuu alikuwa Abushiri ibn Salim al-Harthi wa Pangani. Msafara wa Meyer ulisambaratika, na yeye pamoja na Baumann walikamatwa wakafungwa minyororo. Waliachiliwa baada ya kulipa fidia, wakarudi Ulaya bila kuufikia mlima.

Safari ya 1889

Mwaka uliofuata Meyer alijaribu mara ya tatu. Kwa kuwa vita vilikuwa vikiendelea kwenye pwani ya Wajerumani, alianzia Mombasa na kupitia Taveta hadi Marangu. Safari hii mwenzake alikuwa Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg, mmoja wa wapanda milima hodari kabisa wa Alpi katika kizazi chake.

Meyer alikuwa amejifunza kwamba adui wa mpandaji wa Kilimanjaro si barafu peke yake bali pia njaa. Waliomtangulia walilazimika kushuka kwa sababu chakula kiliisha kabla ya kuzoea hewa nyembamba ya juu. Kwa hiyo alipanga kambi kadhaa, kila moja juu ya nyingine, na wapagazi wakapanda na kushuka kati ya Marangu na kambi hizo wakileta chakula na kuni. Kambi ya juu ilikuwa kwenye kimo cha takriban mita 4,300, karibu na uwanda mkavu unaotenganisha Kibo na Mawenzi. Mpango huu uliwawezesha kukaa juu kwa zaidi ya majuma mawili na kujaribu tena waliposhindwa.

Tarehe 3 Oktoba 1889 Meyer na Purtscheller walipanda barafuto ambayo Meyer aliiita Ratzel, kwa heshima ya mwanajiografia Friedrich Ratzel wa Leipzig. Mteremko ulikuwa mkali na barafu ilikuwa ngumu kama kioo, hivyo Purtscheller alichonga ngazi kwa shoka la barafu, hatua kwa hatua. Walipofika ukingoni waliona kitu ambacho hakikuwa kimeandikwa kabla yao, yaani kwamba juu ya Kibo kuna kasoko, shimo kubwa la volkeno, na ndani yake kuna barafu. Waliona pia kwamba ncha ya juu zaidi iko mbele yao upande wa kusini. Hawakuwa na nguvu za kuifikia siku hiyo, wakashuka.

Baada ya kupumzika walihamia kwenye pango lililo karibu zaidi na barafu, wakalala humo. Asubuhi ya tarehe 6 Oktoba walikuta ngazi zao bado zipo kwenye barafu, wakazitumia, wakafuata ukingo wa kasoko hadi kileleni. Meyer aliipa ncha hiyo jina la Kaisari Wilhelm, mfalme wa Ujerumani wa wakati ule. Alikadiria kimo chake kuwa mita 6,000 hivi. Kimo kinachokubaliwa leo ni mita 5,895.

Katika siku zilizofuata walijaribu Mawenzi bila kuifikia ncha yake ya juu, na walirudi Kibo wakaingia ndani ya kasoko kupitia pengo la upande wa mashariki. Pengo hilo likawa muhimu baadaye, kwa sababu ndilo Meyer alilolitumia kama alama ya kulinganisha barafu ya miaka miwili tofauti.

Watu waliowezesha safari

Kama misafara yote ya wakati ule, kazi ya Meyer isingewezekana bila Waafrika. Mangi Marealle wa Marangu alimpokea na kumruhusu kuweka kambi katika nchi yake. Kikundi kilichopanda naye kutoka Marangu kilikuwa na wanyapara 2, wapagazi 9, mpishi na kiongozi wa njia.

Katika maandishi yake Meyer anamtaja hasa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Wengine walipopelekwa kushuka kwa ajili ya baridi, Mwini Amani alibaki kwenye kambi ya juu, akiwapikia na kulinda mali wakati Wazungu wawili walipokuwa kwenye barafu. Alitoka mji uleule wa pwani uliokuwa kitovu cha mapigano ambayo mwaka mmoja kabla yake yalimfanya Meyer kuwa mfungwa.

Wakati wa maadhimisho ya miaka 100 mwaka 1989 ilitafutwa njia ya kuwaheshimu Waafrika wa msafara huo. Kamati ya maadhimisho iliamua kwamba mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, aliyekuwa bado hai, alikuwa mmoja wao. Mzee mwenyewe hakujua mwaka wa kuzaliwa kwake. Alikumbuka kupanda mlima mara tatu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza bila viatu, lakini hakuwakumbuka Meyer na Purtscheller. Lauwo alifariki tarehe 10 Mei 1996. Kwa sababu hiyo nafasi yake katika safari ya 1889 inaelezwa kwa namna tofauti, ingawa kwa watu wengi wa Kilimanjaro amekuwa alama ya waongozaji na wapagazi wote ambao majina yao hayakuandikwa.

Kurudi mwaka 1898

Meyer alitoa kitabu cha safari yake mwaka 1890, na tafsiri ya Kiingereza ilifuata mwaka 1891. Wasomaji wengi walivutiwa na habari za kupanda. Yeye mwenyewe aliona kwamba kazi haijaisha, kwa kuwa alikuwa ameiona vizuri sehemu ndogo tu ya barafu ya Kibo. Mwaka 1898 alirudi pamoja na mchoraji Ernst Platz.

Safari hii hakutafuta kilele. Alizunguka mlima na kuchunguza pande ambazo hakuzijua, hasa magharibi na kaskazini, na Platz akachora alichokiona. Barafuto za upande huo zilipewa majina ya wataalamu Wajerumani kama vile Credner, Penck na Drygalski. Erich von Drygalski alikuwa amechunguza barafu ya Greenland, na mwaka 1901 aliongoza msafara wa kwanza wa Wajerumani kwenda Antaktiki. Majina hayo yanaonyesha kwamba Meyer aliihesabu barafu ya Kibo kuwa ndugu wa barafu ya ncha za dunia.

Jambo kuu aliloligundua ni badiliko. Katika miaka 9 tu barafu ilikuwa imerudi nyuma karibu kila upande. Pengo la mashariki alilopitia mwaka 1889 lilikuwa limepanuka sana kwa sababu barafu ya pembeni yake imeisha. Aliona kwamba mambo yakiendelea hivyo, barafu ya kwenye kasoko ingetoweka katika miongo michache.

Aligundua pia kwamba zamani hali ilikuwa kinyume. Chini sana ya mwisho wa barafu ya wakati wake alikuta marundo ya mawe na miamba iliyosuguliwa, alama ambazo huachwa na barafuto inayosonga. Alieleza kwamba katika zama za kale barafu ya Kilimanjaro ilishuka chini zaidi, na hivyo hata nchi za ikweta zilikuwa na kipindi cha baridi. Matokeo hayo aliyatoa katika kitabu kikubwa juu ya Kilimanjaro mwaka 1900.

Safari nyingine na miaka ya mwisho

Mwaka 1894 Meyer alichunguza kisiwa cha Tenerife. Mwaka 1903 alikwenda Ekuador kuchunguza volkeno zenye barafu kama Chimborazo na Cotopaxi, ili kulinganisha barafu ya tropiki ya Amerika na ile ya Afrika. Kitabu chake juu ya safari hiyo kilitoka mwaka 1907.

Mwaka 1911 alirudi Afrika ya Mashariki kwa mara ya mwisho, akapita nchi zilizo kati ya maziwa makuu, yaani Rwanda na Burundi za leo. Mwaka 1916 alitoa kitabu kuhusu Warundi. Tangu mwaka 1915 alikuwa profesa wa jiografia ya makoloni kwenye Chuo Kikuu cha Leipzig. Alifariki mjini humo mwaka 1929 akiwa na umri wa miaka 71.

Meyer na ukoloni

Elimu ya Meyer haiwezi kutenganishwa na utawala wa kikoloni. Aliunga mkono waziwazi upanuzi wa Ujerumani Afrika, na alihariri kitabu kikubwa juu ya makoloni yote ya Ujerumani kilichotoka mwaka 1909 na 1910. Kwa Wajerumani wa wakati ule, kupanda Kilimanjaro na kuipa ncha yake jina la Kaisari kulikuwa pia njia ya kudai kwamba mlima ni mali yao. Meyer alichukua jiwe kutoka kileleni, na sehemu yake ilipewa Kaisari, ikawekwa katika jumba lake la Neues Palais mjini Potsdam.

Wenyeji waliuona upande mwingine wa madai hayo. Tarehe 15 Desemba 1889, majuma kumi baada ya Meyer kufika kileleni, Abushiri alinyongwa Pangani. Tarehe 2 Machi 1900, mwaka uleule kilipotoka kitabu kikubwa juu ya mlima, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Moshi ya Kale pamoja na viongozi wengine.

Meyer alinunua pia kazi za sanaa kutoka ufalme wa Benin, zilizoporwa na Waingereza mwaka 1897, na sehemu yake ikaingia katika makumbusho ya Leipzig. Mwaka 2022 Ujerumani na Nigeria zilitia saini makubaliano ya kurudisha umiliki wa kazi za namna hiyo.

Barafu ya Kibo baada ya Meyer

Ramani ya kwanza ya kuaminika ya barafu yote ya Kibo ilitokana na kazi ya Wajerumani Eduard Oehler na Fritz Klute mwaka 1912. Katika safari hiyohiyo walikuwa wa kwanza kufika ncha ya juu ya Mawenzi. Kwa vipimo vya ramani hiyo, barafu ilikuwa na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 11. Baadaye picha zilizopigwa kutoka ndege, kisha kutoka satelaiti, zilionyesha kupungua mfululizo. Mwaka 2000 zilibaki takriban kilomita za mraba 2.5, na mwaka 2011 zilibaki 1.76 tu. Maana yake ni kwamba katika karne moja karibu asilimia 85 ya barafu ya mwaka 1912 imekwisha. Barafu yote ya mwaka 2011 ingekusanywa kuwa mraba mmoja, kila upande wake ungekuwa na kilomita 1.3 hivi.

Tangu mwaka 2000 barafu ya Kibo inafuatiliwa kwa vyombo vya kudumu. Mwezi Februari mwaka huo wataalamu wa Marekani walisimamisha kituo cha hali ya hewa kinachojiendesha chenyewe juu ya uwanja wa barafu wa kaskazini. Kituo hupima halijoto, upepo, unyevu, nguvu ya jua na kina cha theluji. Vituo vya namna hiyo hutumika pia Greenland na Antaktiki. Mwaka huohuo timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio ilichimba nguzo 6 za barafu, na kwa kuzisoma ikakadiria kwamba barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka 11,700 hivi.

Vipimo hivyo vimesaidia kueleza kile alichokiona Meyer mwaka 1898. Kileleni halijoto ya wastani ni takriban nyuzi 7 chini ya sifuri, kwa hiyo barafu haiyeyuki huko kwa namna ya kawaida ya nchi zenye joto. Sehemu kubwa hupotea kwa kugeuka moja kwa moja kuwa mvuke kwa nguvu ya jua kwenye hewa kavu. Theluji mpya inapoanguka hurudisha miali ya jua na kuikinga barafu, na isipoanguka barafu hubaki wazi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Innsbruck wameonyesha kwamba mwishoni mwa karne ya 19 hali ya hewa ya Afrika ya Mashariki ilibadilika kuwa kavu zaidi. Dalili nyingine ya badiliko hilo ni kushuka kwa Ziwa Viktoria katika miaka ya baada ya 1880. Meyer alifika mlimani wakati ukame huo ulikuwa umeanza tu, bila kujua. Katika miaka ya karibuni ongezeko la joto duniani limezidi kuzuia barafu isirudi.

Utabiri wa mwaka wa mwisho wa barafu umekosewa mara kwa mara. Miongo michache aliyoikadiria Meyer ilipita, na barafu ikabaki. Baada ya uchimbaji wa mwaka 2000 ilisemwa kwamba barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020, na miaka hiyo nayo ilipita. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitaja mwaka 2050 kuwa wakati ambapo barafu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya inaweza kuwa imetoweka. Tarehe zimebadilika, lakini kila kipimo tangu 1898 kimeonyesha mwelekeo uleule. Barafuto ya Ratzel ambayo Purtscheller alichonga ngazi zake haionekani tena kama walivyoikuta.

Kutoka upelelezi hadi utalii

Njia ya Marangu iliyotumiwa na Meyer ndiyo njia ya kale zaidi ya watalii wa Kilimanjaro. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliundwa mwaka 1973, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977, na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987. Siku hizi makumi ya maelfu ya watu hupanda kila mwaka, na mlima ni chanzo muhimu cha mapato ya hifadhi, waongozaji, wapishi na wapagazi.

Hali hiyo inafanana na ya nchi za ncha za dunia, ambako wageni wanaotaka kuiona barafu kabla haijaisha wanaongezeka. Huko Antaktiki mkataba wa mwaka 1959 uliifanya nchi hiyo kuwa eneo la amani na sayansi. Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991 ikaongeza masharti ya kulinda mazingira, na kwa kawaida watalii wasiozidi 100 huruhusiwa kuwa nchi kavu kwa wakati mmoja mahali pamoja. Kilimanjaro ina masharti yake. Mgeni haruhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, na taka lazima zishushwe.

Watalii si chanzo cha kupungua kwa barafu ya Kibo, kwa sababu ilianza kupungua kabla hawajaja. Hata hivyo huchangia mmomonyoko wa njia, taka na haja ya maji kambini. Moto wa misitu, kama ule wa Oktoba 2020, huharibu uoto wa miteremko, na msitu ndio unaoshika sehemu kubwa ya maji yanayotumiwa na watu wa chini, kuliko barafu yenyewe.

Kumbukumbu

Tarehe 9 Desemba 1961, siku ya uhuru wa Tanganyika, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera ya taifa na kuweka mwenge kileleni, na ncha aliyoiita Meyer kwa jina la Kaisari ikawa Uhuru. Badiliko hilo ni sehemu ya historia pana ya majina ya Kijerumani nchini. Kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa kaskazini kwa Mbamba Bay, kwa mfano, Liuli iliitwa Sphinxhafen na Manda iliitwa Wiedhafen, lakini majina hayo yamebaki katika ramani za zamani tu.

Jina la Meyer mwenyewe limebaki mlimani katika sehemu kadhaa, zikiwemo ncha ya juu ya Mawenzi yenye mita 5,149, pango la njia ya Marangu ambamo wapandaji wengi hupumzika usiku wa kwenda kileleni, na lile pengo la mashariki la kasoko. Wapandaji wanaopita karibu na pengo hilo leo hukuta mawe na majivu ya volkeno mahali ambapo mwaka 1889 kulikuwa na barafu.